Nuru ya Chilongani

Nimefunga madirisha yote mawili,
nimenyunyiza maji sakafuni ili vumbi lilale,
maana Septemba hapa Kizota
upepo haupigi hodi.

Mezani nimetandika kanga iliyofuliwa,
jina lake nimelilaza chini,
sitaki nasaha nikiwa kazini.
Bisibisi za fundi saa. Spiriti. Pamba.
Kipande cha mpira nilichokata kwenye ndara,
na ile pampu ya kunyonya kamasi za mtoto;
mtoto mwenyewe yuko kidato cha pili.

Lenzi ni ya baba mkubwa, Chilongani.
Ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia karanga.
Miaka ishirini imelala kabatini
ndani ya soksi.

Pete ya mbele haitaki.
Naibana kwa mpira, nazungusha kinyume, haitaki.
Naianika juani juu ya bati, nanywa chai,
narudi; inaachia taratibu
kama mtu anayekiri deni.

Kioo cha kwanza. Cha pili.
Kila kimoja nakilaza kwenye kifuniko cha chupa,
naandika kwa penseli upande upi ulitazama nje,
kwani kioo ukikigeuza kinasahau kazi.
Kisha yale majani sita ya chuma
yanayojikunja kama mlenga manati anapofumba jicho,
yamegandana kwa grisi ya zamani,

na hapo ndipo gololi iliporuka.
Ndogo kuliko punje ya uwele,
ndiyo inayosema *tak* kwenye kila namba.
Nikapiga magoti. Chini ya kochi
nikapata shilingi hamsini, zabibu iliyokauka,
cheti cha kliniki nilichomgombezea mtu bure.
Nikavunja spika ya redio mbovu,
nikaifunga sumaku yake kitambaani,
nikapangusa sakafu yote, kona kwa kona.
Ikaja. Imeng'ang'ania,
na vumbi letu jekundu ubavuni.

Basi kioo cha tatu nikakiinua dirishani.
Ukungu.
Si doa: nyuzi nyeupe zimetambaa toka ukingoni
kama vijito vya Bahi kwenye ramani,
vile ambavyo ukienda huvikuti.
Katika mji huu, nguo hukauka ukiwa bado unaianika,
wewe ulikunywa nini?
Tanga, labda. Alikaa kule mwaka mmoja,
akarudi nao.

Nikakumbuka walivyokuwa wakisema:
*picha za Chilongani zina nuru.*
Mabibi harusi wa Makole, wa Hombolo, wa Mpunguzi;
bwana mmoja alitoka Kongwa na suti begani.
Nyuso zikizungukwa na weupe kidogo,
kama maandazi yangali yanafuka.
Wapiga picha wenzake walikuja kuchungulia taa zake.
Hakuwa na siri.
Au alikuwa nayo asiijue.
Au aliijua, ndiyo maana ya soksi.

Pamba iko mkononi, imelowa.
Spiriti hairuhusu kuwaza; inapaa.
Nimelowesha mara tatu.

Kisha nikafuta.
Toka katikati kwenda nje, bila kukandamiza,
kama unavyompaka mgonjwa mafuta.

Kurudisha kulichukua usiku mzima.
Skurubu moja imebaki kwenye kisosi.
Sijui ni ya wapi. Lenzi haijaiulizia.

Asubuhi Bi Nyemo amekuja kuazima jiko.
Nikamketisha mlangoni, lenzi kuukuu
kwenye kamera mpya. *Tak. Tak. Tak.*
Nikamwonyesha.
Akaangalia muda mrefu: kila mkunjo,
kovu la ndui, uzi uliochomoka kwenye ushungi.
Kwake ukutani kuna ya mwaka themanini na saba,
ameshika maua ya plastiki, anang'aa.

"Kamera yako haina adabu."
"Lenzi ni ile ile ya Chilongani."
"Chilongani," akasema, "alikuwa anatuona."

Akabeba jiko lake akaondoka.
Mlango ameuacha wazi.